Kitini cha imani za Sumeri na Misri kinachouzwa Tabora: kinunue, lakini shika kalamu

Kwenye steshenari za Tabora mjini, zile za jirani na soko kuu na zile za njia ya kwenda stesheni ya reli, kinauzwa kitini cha kurasa 64 kinacholinganisha imani za Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, na za Wamisri wa kale. Hakina jina la mwandishi wala la mchapaji. Tabora bei yake ni shilingi 6,000. Kikishapanda treni hadi Kigoma, pale Mwanga kinaulizwa 8,000 kwa kurasa zilezile. Wanunuzi wake wakubwa ni wanafunzi wa dini na falsafa, walimu wa historia, na watu wa kawaida waliokutana na Uru wa Wakaldayo kwenye Biblia au Firauni kwenye Kurani wakataka kujua hao walikuwa wanaabudu nini hasa.

Kwa kifupi: upande wa Misri ni kazi nzuri kuliko bei yake. Upande wa Sumeri una kasoro moja kubwa inayozaa nyingine nyingi, nayo inarekebishika kwa kalamu na saa moja ya kukaa chini. Anayetaka kujifunzia kitini hiki kabla ya kukisahihisha atabeba makosa hadi kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na chombo chenyewe. Kimefungwa kwa spairo ya plastiki, karatasi ni nyepesi kiasi kwamba wino wa nyuma unaonekana mbele, na picha ni kopi ya kopi. Sanamu ya Gudea, mtawala wa mji wa Lagash huko Sumeri, imekuwa doa jeusi lenye mikono. Maandishi yanasomeka, na hilo ndilo la muhimu.

Sehemu ya Misri inaanza na uumbaji, na hapo mwandishi ameonyesha kuwa anajua anachokifanya. Hakulazimisha simulizi moja. Ameeleza kwamba watu wa mji wa Heliopolis walikuwa na yao: Atum anatokea juu ya kichuguu cha kwanza kilichoibuka kwenye maji ya Nun, yaliyokuwepo kabla ya uumbaji, anawazaa Shu na Tefnut, hao wanawazaa Geb na Nut, kisha wanakuja Osiris, Isis, Seth na Nephthys, jumla miungu tisa. Memphis walimweka Ptah mbele, anayeumba kwa kuwaza moyoni na kutamka kwa ulimi. Hermopolis walianza na miungu minane. Simulizi hizi ziliishi pamoja kwa karne nyingi bila mtu kuona haja ya kuzipatanisha, na kitini kinamwachia msomaji hali hiyo kama ilivyo. Kimeongeza hata jambo dogo la kupendeza: jiwe la Farao Shabaka, lenye simulizi ya Ptah, lina tundu katikati na mistari inayotawanyika kutoka hapo kwa sababu baadaye watu walilifanya jiwe la kusagia. Sehemu ya maandishi ilisagika moja kwa moja, na ndiyo maana tafsiri zote za jiwe hilo zina mapengo. Lipo British Museum, London.

Simulizi ya Sekhmet nayo imewekwa vizuri. Watu wanamfanyia njama Ra, mungu wa jua, naye anatuma jicho lake, ndiye Sekhmet, kuwaangamiza, kisha anahurumia na kutaka kusitisha. Lakini mungu huyo wa kike ameshaonja damu na hasikii. Inapikwa pombe, madumu 7,000, inatiwa udongo mwekundu ifanane na damu na kumwagwa shambani. Anakunywa, analewa, binadamu wanabaki. Mwandishi anaiweka kando ya gharika ya Wasumeri, ile ya Ziusudra anayeokoka kwenye chombo, na anauliza swali zuri: kwa nini kote miungu inaazimia kuwafuta watu kisha inabakiza? Ulinganisho wa aina hii ndio msomaji aliotolea fedha yake, na kama kitini kizima kingeendelea hivi, tungeishia kusema nunua basi.

Ukurasa wa 31 una mchoro wa kupima moyo kwenye mizani. Umenakiliwa kwa mkono, si kwa mashine, na umetoka safi. Mungu Anubis anashughulikia mizani, moyo uko upande mmoja, unyoya wa Maat (utaratibu wa ulimwengu) upande wa pili, mungu Thoth amesimama na kalamu anaandika matokeo, na nyuma yake amekaa Ammit mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, akisubiri moyo uliozidi uzito. Maelezo chini ya mchoro yanataja maungamo ya kukana: marehemu anawakabili waamuzi 42 na kumwambia kila mmoja dhambi ambayo hakuitenda. Yote sawa. Tatizo ni mahali mchoro ulipowekwa: kwenye sura ya piramidi za Giza, kana kwamba wajenzi wa Farao Khufu ndio waliouchora. Piramidi ya Khufu ni ya karibu 2560 KK na ndani yake hakuna maandishi ya kidini hata mstari. Maandishi ya aina hiyo yanaonekana kwanza ndani ya piramidi ya Farao Unas, karibu 2350 KK, nayo hayana picha. Mchoro wa mizani ulionakiliwa hapa unafanana na ule wa papirasi ya Ani, ya karibu 1250 KK. Ni zaidi ya miaka 1,300 baada ya Khufu. Andika tarehe hiyo pembeni ya mchoro, kosa limekwisha.

Kuhusu ukaushaji wa maiti, hatua zimepangwa vizuri: ubongo unatolewa, tumbo linapasuliwa ubavuni, viungo vinne vinatolewa na kuwekwa kwenye vyombo vyake, moyo unaachwa ndani kwa kuwa ndio utakaopimwa. Vyombo vimeoanishwa sawasawa: Imsety mwenye kichwa cha mtu analinda ini, Hapy wa nyani analinda mapafu, Duamutef wa mbweha analinda tumbo la chakula, Qebehsenuef wa kipanga analinda utumbo. Siku 70 kwa jumla, karibu 40 kati ya hizo mwili ukiwa umefukiwa kwenye natroni.

Lakini kitini kinasema mwili ulifukiwa kwenye "chumvi". Msomaji wa Kigoma atawaza chumvi ya Uvinza, na atakuwa amekosea. Natroni ni magadi, yaleyale yanayowekwa kwenye maharage ili yaive upesi: mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu, wenye chumvi ya kawaida kidogo ndani yake. Tofauti si ndogo. Chumvi ya mezani inavuta maji tu. Magadi yanavuta maji na papo hapo yanashambulia mafuta ya mwilini na kuyageuza kuwa kitu kama sabuni, na mafuta yakiachwa huchacha na kunuka. Wamisri waliyachota hasa Wadi Natrun, bonde la jangwani magharibi ya delta ya Nile. Mwalimu anayetaka kuonyesha darasani anaweza kuchukua vipande viwili vya samaki mbichi vya ukubwa mmoja, kimoja akakifukia kabisa kwenye chumvi na kingine kwenye magadi yaliyosagwa, akavipima uzito kila siku kwa wiki mbili. Magadi yakilowa yabadilishwe. Yakiachwa yamelowa, samaki ataoza kwa chini na watu watasema Wamisri walidanganya.

Sasa Sumeri.

Kasoro kubwa ni hii: sura inayoitwa "dini ya Wasumeri" kwa sehemu kubwa ni dini ya Babeli. Mungu mkuu ametajwa kuwa Marduk. Simulizi ya uumbaji iliyotumika ni ile Marduk anapompasua Tiamat, mungu wa kike wa bahari, vipande viwili na kutengeneza mbingu na nchi. Shairi hilo ni la Kiakadi, lugha ya Wababeli, limetungwa kwa ajili ya kumtukuza mungu wa mji wa Babeli, karne nyingi baada ya Kisumeri kuacha kuzungumzwa mitaani. Wasumeri wa milenia ya tatu KK wangeshangaa kuambiwa Marduk ni mkuu wao. Wao walimjua Enlil wa Nippur, katika hekalu lake la Ekur, kuwa ndiye anayetoa ufalme. An alikuwa baba wa mbinguni mwenye heshima nyingi na kazi chache. Enki alikaa Eridu juu ya maji matamu ya chini ya ardhi, Nanna wa mwezi alikuwa Uru, Inanna alikuwa Uruk, na Utu wa jua alikuwa na nyumba Larsa na Sippar.

Chanzo cha kosa kinaeleweka. Vitabu vingi vya kizamani viliunganisha Sumeri, Akadi, Babeli na Ashuru chini ya neno moja, Mesopotamia, na anayenakili kutoka huko ananakili na mchanganyiko wake. Isitoshe, miungu ilibadilishwa majina: Inanna akawa Ishtar, Enki akawa Ea, Nanna akawa Sin, Utu akawa Shamash. Kitini kinataja Inanna ukurasa wa 40 na Ishtar ukurasa wa 43 kama miungu wawili, tena kinawalinganisha. Msomaji apitie kurasa za 38 hadi 49 na kubadilisha majina hayo manne. Palipo na Marduk, apafute aandike Enlil pale panapozungumziwa cheo tu. Simulizi ya Tiamat aitenge kwa mstari na kuandika "Babeli". Uumbaji wa watu kwa Kisumeri ni jambo lingine: miungu midogo imechoka kuchimba mifereji, inalalamika, Enki anaagiza watu wafinyangwe kwa udongo waichukue kazi hiyo. Tofauti na Misri inajitokeza hapo. Msumeri aliumbwa awe kibarua wa miungu. Mmisri hakupewa kazi hiyo katika simulizi zake; wajibu wake ni kuitunza Maat, utaratibu wa ulimwengu, na farao ndiye mdhamini wake mkuu.

Kuhusu wafalme, kitini kinasema kwa kujiamini kwamba "farao alikuwa mungu, mfalme wa Sumeri hakuwahi kuwa mungu". Nusu ya kwanza inakubalika: farao aliye hai ni mungu Horus na mwana wa Ra, akifa anakuwa Osiris, mfalme wa kuzimu. Nusu ya pili inahitaji "kwa kawaida". Naram-Sin wa Akadi, karne ya 23 KK, aliandika jina lake kwa alama ya uungu, na Shulgi wa Uru, karne ya 21 KK, akafanya vilevile na kuimbiwa tenzi. Haikudumu, lakini ilitokea.

Zigurati (minara ya ngazi ya mahekalu ya Sumeri) na piramidi zimechorwa ubavu kwa ubavu kwa urefu uleule. Hili lifutwe kabisa. Piramidi ya Khufu ilikuwa na kimo cha karibu mita 146 na upande wa mita 230. Zigurati ya Uru, aliyoianza Ur-Nammu karibu 2100 KK, ilikuwa na kitako cha takriban mita 64 kwa 45. Ukubwa si hoja kuu. Piramidi ni kaburi, na mlango wake ulikusudiwa kufungwa usifunguliwe tena. Zigurati haina chumba ndani: ni tofali mbichi zilizojaa hadi katikati, nje tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa lami, na ngazi tatu za kupandia kuelekea hekalu lililokuwa juu. Moja ni nyumba ya mfu, nyingine ni kiti cha mungu aliye hai. Ukizilinganisha kwa umbo tu, kwa kuwa zote zinapanda zikipungua, umelinganisha paa na paa bila kuuliza nani anaishi chini yake. Kilichopaswa kuwekwa kando ya zigurati ni hekalu la Karnak la Misri, kwa kuwa kazi ya kila siku ndani ya mahekalu ya pande zote mbili ilifanana mno: sanamu inaamshwa, inaoshwa, inavishwa, inapakwa mafuta na kuandaliwa chakula, kisha chakula kinashuka kwa makuhani na watumishi. Kitini kina aya mbili tu kuhusu hilo, na ni hasara.

Sura ya kifo ndiyo tuliyoisoma kwa kalamu nyekundu zaidi. Inasema Wasumeri "hawakujali maisha ya baada ya kifo". Makaburi ya kifalme ya Uru, yaliyofukuliwa na Leonard Woolley kwenye uchimbaji wake wa 1922 hadi 1934, yanakataa kauli hiyo: shimo moja peke yake lilikuwa na miili 74, karibu yote ya wanawake, waliolazwa humo wakiwa na mapambo na vinubi. Shairi la kifo cha Ur-Nammu linaorodhesha zawadi anazowapelekea wakubwa wa kuzimu, Gilgamesh, yule mfalme shujaa, akiwa mmoja wao. Watu wasiojali hawafungashi zawadi. Kinachotofautiana ni matarajio. Mmisri aliyeshinda kwenye mizani alitarajia shamba la matete lenye mavuno marefu. Msumeri alitarajia nchi ya vumbi na kiu, ambako hata jaji habadilishi mengi.

Inanna mwenyewe anaposhuka kwa dada yake Ereshkigal, malkia wa kuzimu, anavuliwa kitu kimoja kwenye kila lango kati ya malango saba, taji kwanza, vazi mwisho, na anafika uchi kama maiti yoyote. Kuokolewa kwake kunadai mtu wa badala. Dumuzi mumewe anatolewa, na dada yake Geshtinanna anakubali kugawana naye nusu mwaka kwa nusu mwaka. Wasomaji wa Biblia wanamjua Dumuzi bila kujua: ndiye Tamuzi anayeliliwa na wanawake katika Ezekieli 8:14. Kitini kimeiruka simulizi hii yote, jambo la ajabu kwa kazi inayotaka kulinganisha, kwa maana Osiris yuko palepale akisubiri ulinganisho. Osiris anakufa na kubaki kuzimu akiwa mfalme. Dumuzi anakwenda na kurudi, na hatawali kitu.

Jambo moja katika sura hiyo limetufurahisha. Mwandishi ametumia shairi la Kisumeri la Gilgamesh, Enkidu na kuzimu, ambamo Enkidu, rafiki yake Gilgamesh, anaulizwa hali za wafu: mwenye mtoto mmoja wa kiume analia, na kadiri watoto wanavyoongezeka hali inakuwa afadhali, hadi mwenye saba anakaa pamoja na miungu midogo. Sababu ni kwamba watoto ndio wanaomimina maji na kuweka chakula kwa ajili ya mzazi. Mwandishi anamwambia msomaji wa Unyamwezi afikirie matambiko ya mizimu ya ukoo, na hapo kitu ambacho kingechukua kurasa tatu kinaeleweka kwa sentensi moja. Ni mfano mzuri. Angeishia hapo. Ukurasa wa mwisho unadai kwamba kwa kuwa Wanyamwezi walimtaja Limi, jua, kama moja ya majina ya Mungu, na Wamisri walimwabudu Ra, basi asili ni moja. Jua linaonwa na kila mtu mwenye macho. Madai ya aina hiyo yanahitaji ushahidi wa lugha, vyombo na njia za safari, na kitini hakina hata kimoja. Ukurasa huo unaweza kuchanwa bila hasara.

Maelezo kwamba Nile ilikuwa tulivu na ndiyo maana dini ya Misri ina matumaini, na kwamba Frati na Hidekeli zilifurika ovyo ndiyo maana Wasumeri wana huzuni, yanarudiwa mara tatu. Yana ukweli: Nile ilipanda kiangazi kwa utaratibu wakulima waliouhesabia majira, wakati mito ya Sumeri ilifurika majira ya kuchipua, mazao yakiwa yameshasimama shambani. Lakini Nile nayo iliwahi kushuka na kuleta njaa, na Wamisri hawakubadili akhera yao. Mto hauandiki dini peke yake. Ramani inayoambatana na maelezo hayo imegeuza majina: "Misri ya Juu" imeandikwa kaskazini. Nile inatiririka kwenda kaskazini, hivyo juu ni kusini, upande wa Thebes na Aswan. Chini ni delta.

Zoezi la kibao cha udongo, ukurasa wa 58, ndilo lenye faida kuliko mengine yote, ingawa maelekezo yake yana matobo. Linataka mwanafunzi aandike alama ya nyota iliyotangulia majina ya miungu, ile ambayo Shulgi alijiwekea. Kilo moja ya udongo inatosha vibao vitatu vya ukubwa wa kiganja. Kitini kinasema "udongo wowote mweusi", usifanye hivyo. Udongo mweusi wa mbugani unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tumia wa mfinyanzi au wa kichuguu, uuchekeche, uukande hadi usishike vidole, kibao kiwe na unene wa sentimita 2. Kwa kalamu, kata tete lililokauka, la Malagarasi linafaa, ncha yake iwe na kona kali ya mraba. Kisha bonyeza kona hiyo na kuinua. Kitini kinasema "chora", na ndipo kazi zinapoharibika: ukikokota tete, udongo unavutika, kingo zinakuwa na manyoya na umbo la kabari halitoki. Mistari minne inayokatizana katikati inatoa miale minane. Kausha kivulini siku tatu hadi nne ukigeuza kila siku. Juani uso unakauka kabla ya kiini na kibao kinapinda. Hakuna haja ya kuchoma, vibao vingi vya kale havikuchomwa.

Ukienda kununua, fungua kurasa za 38 hadi 49 kabla ya kulipa. Nakala nyingine zimerudia ukurasa wa 44 mara mbili na kukosa wa 45, wenye orodha ya miji na mahekalu. Muuzaji akikubali kukutolea kopi ya ukurasa huo kutoka nakala nyingine, shilingi 6,000 ni bei ya haki. Nakala yenye kurasa zote kwa 8,000 kule Mwanga pia si ghali, mradi spairo iwe imara. Nakala zinazosafiri hufika spairo ikiwa imevunjika chini, na kurasa za mwanzo ndizo zinazotangulia kutoka.